Kabla ya Kusoma Jina

Tafakari ya juma: Luka 7:36–50

Katikati ya mji wa Köln, Ujerumani, Kanisa Katoliki lina jumba la makumbusho ya sanaa ambalo kuta zake hazina maandishi. Jumba hilo linaitwa Kolumba, nalo ni mali ya Jimbo Kuu la Köln. Ndani yake zimo kazi za tangu karne za kwanza za Ukristo hadi za wasanii walio hai leo, na zote zimepangwa bila kufuata miaka. Unaingia chumbani, unakuta msalaba uliochongwa zama za kati, na hatua chache kutoka hapo turubai la rangi tupu lililochorwa katika kizazi chetu. Hakuna kibandiko cha kukuambia nani aliyechora, mwaka gani, wala kwa nini viwili hivyo vimewekwa pamoja. Mlangoni umepewa kijitabu chenye orodha ya kazi chumba kwa chumba, na ruhusa unayo ya kukifungua wakati wowote. Ukutani hakuna neno.

Nimeifikiria sana nyumba hiyo tangu nilipoitembelea, na kila nikiifungua Injili ya Luka sura ya saba mawazo yananirudisha kule.

Historia ya mahali penyewe inasaidia kuelewa. Mtakatifu Kolumba lilikuwa kanisa la parokia kubwa kuliko zote za Köln katika zama za kati. Mabomu ya Vita Kuu ya Pili yalilibomoa mwaka 1943. Katikati ya kifusi ikabaki imesimama, juu ya nguzo yake, sanamu ya Bikira Maria amembeba Mtoto, kazi ya karne ya 15. Watu wa mji, ambao wenyewe walikuwa wamepoteza nyumba na ndugu, wakaanza kumwita Maria wa Magofuni. Msanifu majengo kijana, Gottfried Böhm, akamjengea kikanisa kidogo kilichokamilika mwaka 1950, na mpaka leo watu huingia humo kutoka barabarani, wakawasha mshumaa, wakasali, wakaenda zao kazini. Miaka ya 1970 waakiolojia walichimba kuzunguka hapo wakakuta misingi ya makanisa yaliyojengwa moja juu ya jingine, na chini yake zaidi, nyumba za wakati wa Warumi.

Mswisi Peter Zumthor ndiye aliyepewa kazi ya kujenga makumbusho juu ya yote hayo, baada ya kushinda shindano la mwaka 1997. Hakusafisha kiwanja. Matofali yake ya kijivu, membamba na marefu, yamepandishwa moja kwa moja juu ya kuta zilizovunjika za kanisa la kale, tofali jipya likikaa juu ya jiwe lililopigwa na vita. Kikanisa cha Böhm kimo ndani ya jengo, magofu yamo, misingi ya Warumi imo. Kwenye sehemu ya ukuta, matofali yameachiwa matundu, kwa hiyo mwanga unaingia vipande vipande, na upepo na sauti za mji huingia pamoja nao. Unapita juu ya magofu kwa daraja la mbao linalokata kona. Na unasikia njiwa. Njiwa wenyewe hawapo: msanii wa sauti Mmarekani, Bill Fontana, alizirekodi sauti zao mwaka 1994, wakati magofu yalipokuwa bado chini ya paa la muda na njiwa ndio wakazi wake, na sauti hizo sasa zinasikika pale pale walipoishi. Jumba lilifunguliwa Septemba 2007.

Kila mwaka milango hufungwa kwa muda. Kazi nyingi zinateremshwa, nyingine zinatolewa ghalani, na katikati ya Septemba watu wanakaribishwa kuona mpangilio mwingine kabisa. Walioanzisha utaratibu huu, Joachim Plotzek aliyeliongoza jumba tangu 1990 pamoja na wenzake, walitaka kitu ambacho makumbusho mengi hayathubutu: kumwachia mgeni nafasi ya kukaa na kitu kabla ya kuambiwa ni kitu gani. Ndiyo maana hata vyombo vya nyumbani vya karne ya 20, redio na vyombo vya mezani, vinaweza kuwekwa chumba kimoja na vyombo vya ibada. Jicho linalazimika kufanya kazi yake lenyewe.

Mwanzoni jambo hili linasumbua. Mtu aliyezoea makumbusho ya kawaida huenda kwanza kwenye kibandiko, anasoma jina na mwaka, anainua macho kwa sekunde chache kuthibitisha kwamba kitu kipo, kisha anahamia kingine. Anatoka akiwa ameona vitu vingi na hakuna kilichomwona yeye. Kolumba njia hiyo imefungwa. Usiposimama, hupati kitu. Ukisimama, dakika za kwanza ni tupu, halafu polepole mambo yanaanza kujitokeza: mikunjo ya vazi, ufa kwenye mti, kidole kilichokatika, namna uso mmoja unavyokataa kutazama pembeni.

Kuna picha moja kubwa pale, zaidi ya mita mbili kwa urefu, ya Bikira Maria akiwa na Mtoto mkononi na ua dogo la urujuani katika mkono wa pili. Chini kabisa, karibu na pindo la vazi lake, yupo mwanamke mdogo mno, amepiga magoti. Ni mdogo kiasi kwamba anaweza kukupita. Kwa kuwa hakuna maandishi, unachokutana nacho ni mtu anayesali, basi. Unaona mikono yake, unaona amejisogeza mahali ambapo pindo la Maria linaweza kumgusa. Ukifungua kijitabu baadaye, unajifunza kwamba mchoraji ni Stefan Lochner, bwana mkubwa wa uchoraji wa Köln, kwamba picha ilichorwa kabla ya 1450, na historia inasema mwanamke yule ni Elisabeth von Reichenstein, wa ukoo wa heshima, aliyekuja kuwa mkuu wa nyumba ya watawa ya Mtakatifu Sesilia. Habari hizo ni njema kuzijua. Lakini nashukuru zilichelewa. Zingetangulia, ningemwona mwanamke wa kikabaila aliyelipia picha. Kwa kuwa zilichelewa, nilimwona kwanza akiwa amepiga magoti, na hata baada ya kuujua ukoo wake hakuinuka tena machoni pangu.

Mahali palipokuwa sakristia ya kanisa la kale, wazi kwa anga, kuna vyuma viwili vizito vya mchongaji Richard Serra vilivyokunjwa pembe na kuegemezana. Kimoja kikiondolewa, cha pili kinaanguka. Mtu anaweza kusimama mbele yake na kusema kwamba hata fundi chuma wa Gerezani, Dar es Salaam, angeweza kuvitengeneza, na mikono ya fundi ingeweza kweli. Lakini kaa navyo. Vinabebana. Hakuna msumari wala kiungo. Uzito wa kimoja ndio unaomshika mwenzake. Ukishaona hilo ndipo ufungue kijitabu usome kwamba Serra aliitengeneza kazi hii mwaka 1992 kwa ajili ya sinagogi la Stommeln, kijiji kilicho karibu na Köln ambako jamii ya Wayahudi haikubaki. Kwamba jina lake limetoka kwenye kitabu cha Primo Levi, aliyenusurika Auschwitz, kinachozungumzia waliozama na waliookolewa. Na kwamba chini ya vyuma hivyo imelazwa mifupa ya watu waliozikwa zamani katika kanisa la Kolumba. Maelezo hayo yangetangulia, tungeweza kutikisa kichwa kwa adabu na kupita. Yakija nyuma ya macho, yanakuta mahali pa kukaa.

Sasa tuingie nyumbani kwa Simoni.

Simoni Farisayo amemwalika Yesu chakula. Anaingia mwanamke ambaye mji mzima unajua habari zake, ameshika chupa ya alabasta yenye marhamu. Anasimama nyuma, karibu na miguu ya Yesu, analia, machozi yanailowesha miguu ile, anaifuta kwa nywele zake, anaibusu, anaipaka marhamu. Simoni hasemi kitu kwa mdomo. Moyoni anajiambia kwamba mgeni wake angekuwa nabii, angejua huyu ni mwanamke wa namna gani. Kwa Simoni jambo limekwisha. Kibandiko kimesomwa: mwenye dhambi. Hakuna cha kutazama zaidi.

Yesu anampa kwanza mfano wa wadeni wawili, mmoja wa dinari 500 na mwingine wa 50. Halafu Luka anaandika jambo dogo ambalo tunalipita haraka tunaposoma kanisani. Yesu anageuka kumtazama yule mwanamke, huku akiendelea kuzungumza na Simoni. Uso uko kwa mwanamke, maneno yako kwa mwenye nyumba. Na swali analomuuliza Simoni ni kama anamwona mwanamke huyu. Swali la ajabu! Mtu yuko sakafuni nyumbani kwake, analia kwa sauti, harufu ya marhamu imejaa chumba. Nani asiyemwona? Simoni hakumwona, na Yesu analijua hilo, kwa sababu tangu mwanamke aingie mlangoni Simoni alikuwa akisoma alichoandikiwa na mji.

Angalieni kinachofuata. Yesu anaanza kumwonyesha. Machozi haya hapa, Simoni, na wewe hukunipa maji. Nywele hizi. Busu hili, ambalo halijakoma tangu nilipoingia, na wewe hukunibusu. Marhamu haya kwenye miguu, na wewe hata mafuta ya kichwani hukunipa. Anapita kwenye kila kilichokuwa mbele ya macho yao wote wawili, kimoja baada ya kingine, bila haraka, kwa mpangilio wa mtu aliyetazama kweli. Na baada ya hayo yote, mwishoni, ndipo anapotaja dhambi. Hazifichi. Anasema ni nyingi. Mji haukukosea kuhusu maisha yake, na Simoni alichojua moyoni kilikuwa kweli. Tofauti kati ya Simoni na Bwana iko kwenye kipi kilitangulia. Simoni alianza na dhambi na hakufika kwa mwanamke. Yesu alianza na mwanamke, akafika hata kwenye dhambi, na zilipotajwa zilikuwa tayari zimesamehewa.

Luka hakutuandikia jina lake. Sisi hatukuvumilia ukimya huo. Mwaka 591 Papa Mtakatifu Gregori Mkuu, katika mahubiri yake, alimuunganisha mwanamke huyu na Maria Magdalena na Maria wa Bethania wakawa mtu mmoja, na Kanisa la Magharibi likaishi na fundisho hilo kwa zaidi ya miaka 1,300. Wachoraji wakamchora Magdalena akilia kwa aibu, nyumba za wanawake waliotubu zikaitwa kwa jina lake. Injili haijasema popote kwamba yeye ndiye aliyeingia kwa Simoni. Imesema kwamba alitokwa na pepo saba, alimfuata Bwana, alisimama penye msalaba, na alikuwa wa kwanza kutumwa kutangaza ufufuko wake. Marekebisho ya kalenda ya liturujia ya mwaka 1969 yalimtenganisha na wenzake, na mwaka 2016 Papa Fransisko alipandisha kumbukumbu yake ya tarehe 22 Julai kuwa sikukuu, kama za mitume. Fikirini muda uliohitajika kubandua kibandiko kimoja kilichowekwa na mtakatifu, kwa nia njema kabisa. Hivi vyetu, vya jumuiya na vya maandamano ya kwenda mazishini, nani atavibandua?

Najua lipo pingamizi, nami nalichukulia kwa uzito. Wapo wanaosema jumba lisilo na maandishi ni la wasomi, kwamba mwenye elimu ya sanaa atafurahia ukimya, na mtu wa kawaida atatoka akiwa ameachwa gizani. Vivyo hivyo wapo waamini, na baadhi ni wazee wa kanisa ninaowaheshimu sana, wanaoogopa kwamba tukiacha kutaja makosa mapema tutakuwa tumefungua mlango wa kila kitu. Kwa pingamizi la kwanza, naona kijitabu kinatosha kuwa jibu: maelezo yapo, yako mkononi mwako, hayakufichwa. Kwa la pili, namrudia Bwana. Yeye hakuyaacha makosa bila kuyataja. Hakuna hata chembe ya ulegevu katika sura ile. Ila alitaka mwenye nyumba amwone mtu kwanza.

Hata kwetu yupo aliyewahi kufanya hivyo na vitu, kabla hatujafika kwa watu. Bujora, karibu na Kisesa nje ya jiji la Mwanza, Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alijenga pamoja na Wasukuma kanisa la duara kwa umbo la nyumba yao, na kando yake makumbusho. Ngoma, viti vya watemi, vifaa vya waganga: mambo ambayo mahali pengi yaliitwa ya kipagani siku ya kwanza tu na kuchomwa, pale yalikusanywa, yakatazamwa, yakaulizwa habari zake kwa wenyewe. Hakuna aliyesema kila kitu kile ni kitakatifu. Lakini ngoma ikaingia kanisani, na wakati wa sherehe ya Ekaristi Takatifu watu husherehekea Bulabo, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vikishindana. Isingetazamwa ngoma ile ingekuwa majivu.

Kule Kolumba wanazitunza pia kazi za Paul Thek, msanii Mmarekani aliyekulia katika familia ya Kikatoliki. Alifariki New York mwaka 1988 kwa ukimwi, akiwa na miaka 54, wakati wengi waliokuwa wakimsifu walikwishamsahau, na karibu na mwisho wake alitamani kujiunga na monasteri. Zamani zile ugonjwa ule ulikuwa kibandiko cha kutosha kumfunika mtu mzima, na tuliokuwa tukizika vijana wetu miaka ya 1980 na 1990 tunajua tulivyonong'ona. Jimbo kuu moja lilizikusanya kazi za mikono yake likaziweka katika nyumba moja na Bikira Maria wa Lochner. Nilipoliona hilo nilisali. Sikuwa na la kuongeza.

Niseme sasa juu yetu. Parokiani tuna lugha yetu, nayo inatembea kwa kasi kuliko katekista mwenye pikipiki. Fulani yuko kwenye uchumba sugu. Yule haonekani jumuiya. Yule mama aliachika. Yule kijana alitoka jela. Huyo ni mtoto wa nje. Mengi ya hayo ni kweli, na ofisi ya parokia haiwezi kufanya kazi bila daftari. Sakramenti zina masharti yake na sitaki kuyapuuza. Linaloniumiza ni saa tunayolifungua daftari. Mzee amefiwa, amekuja ofisini na macho mekundu, na swali la kwanza analokutana nalo ni la zaka na tegemeza. Familia inalia, na kiongozi wa jumuiya anaanza kueleza kwamba marehemu hakuwa akisali nao, kwa hiyo wasitarajie padre. Nimesikia mambo haya katika zaidi ya jimbo moja. Ni wazo la Simoni, limevaa sare ya chama cha kitume. Mwili uko sebuleni, watoto wamekaa chini kwenye mkeka, mjane hajala tangu jana, na sisi tunasoma kibandiko.

Na wenye kubandikwa hujua. Mwanamke aliyeishi na mume miaka ishirini bila ndoa ya kanisani hahitaji kukumbushwa; kila Jumapili wenzake wanaposimama kwenda komunyo yeye hubaki kwenye benchi, anapisha magoti, watu wanapita mbele yake. Labda anasali rozari kuliko sisi sote. Labda ndiye anayemwogesha bibi mgonjwa wa jirani ambaye hakuna hata mmoja wetu anayekumbuka jina lake. Mnamwona mwanamke huyu? Sizungumzii kulegeza sheria ya Kanisa kwa ajili yake. Nazungumzia macho. Mchungaji anayeanza na machozi yake, mikono yake, uaminifu wake wa siku kwa siku, atakapofika kwenye suala la ndoa atakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Anayeanza na ndoa anaongea na benchi.

Viongozi wa jumuiya ndogondogo, juma hili mna ratiba ya kutembelea kaya kabla ya kikao cha halmashauri. Nawaomba jambo moja. Katika ziara ya kwanza, daftari la michango na la mahudhurio libaki nyumbani kwa mwenyekiti. Anzeni na nyumba zile tulizozoea kuziruka. Mkaribishwe, mkae, mnywe chai kama ipo, muulize habari za watoto na za shamba, msali fungu hili la Luka pamoja nao kama watapenda. Jumamosi mkija kunipa taarifa, nitaanza kwa kuwauliza mlimwona nani, na ningependa mnieleze kama Bwana alivyomweleza Simoni: alikuwa akifanya nini, alisema nini, nyumba ikoje, nani amelala mgonjwa chumba cha ndani. Mambo ya vyeti na michango tutayajadili Jumamosi inayofuata.